Kitu cha Mkwe Hakigongwi

Mama yangu hakuwahi kununua chungu bila kukigonga. Naanzia hapo, ingawa nimeketi kuandika habari ya breki. Breki nitazifikia. Mtu akianza na breki moja kwa moja hataelewa kwa nini hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Wakati huo tulikaa upande wa Nyamarambe, kabla baba hajauza shamba lile na kutuleta huku Ekerenyo kwenye baridi. Siku ya soko wanawake walikuwa wanapanda kutoka chini, upande wa ziwa, wamebeba vyungu kichwani, kimoja juu ya kingine, shingo zimenyooka kama za twiga. Hawakujua Kigusii. Mama hakujua Kijaluo. Kiswahili chao wote kilikuwa cha kuomba chumvi tu. Lakini kwa chungu hawakuhitaji lugha. Mama alikuwa anachuchumaa, anakiinua chungu kwa mdomo wake kwa vidole vya mkono wa kushoto, anakiacha kining'inie, halafu anakigonga na kifundo cha kidole na kuinamisha kichwa. Kikilia ngaaa, kama kengele ya kanisa la mbali, anakiweka karibu na goti. Kikisema kwap, anakirudisha bila kusema neno. Chungu cha kwap kina ufa ambao macho hayauoni. Utapika nacho leo, utapika nacho kesho, halafu siku ya wageni kinafunguka na mboga yako ya chinsaga yote inazima moto.

Kuna siku mvua ilikuwa inakuja, ile mvua yetu ambayo hailetwi na barua, na mama akashika chungu haraka ili twende. Hakukigonga. Yule mwanamke mwenye vyungu alimshika mkono. Alikuwa amekasirika kweli. Akakinyakua kile chungu, akakigonga mwenyewe mbele ya uso wa mama, ngaaa, akakigonga tena upande wa pili, halafu ndipo akampa. Nilimuuliza mama njiani kwa nini mama yule ana hasira na sisi tumenunua. Mama akasema, "Nimemtukana. Nimechukua kitu chake kama mtu anayechukua taka."

Basi nililelewa hivyo. Shule niliachia darasa la nne, sitaki kudanganya mtu, na hata katika hayo manne nilikaa tu nyuma nikichora ng'ombe. Lakini kugonga nilijua. Niligonga majembe, niligonga mabati, niligonga nanasi, niligonga mlango wa nyumba niliyopanga Kisii mjini nikiwa kijana na nikakataa kuhamia kwa sababu mlango ulisema kwap. Watu walinicheka. Siku hizi kila kitu kinakuja kimefungwa ndani ya boksi, boksi ndani ya nailoni, na ukitaka kufungua ili uone, mwenye duka anakuangalia kama umemfungulia mke wake nguo. Unalipa kwanza, unaona baadaye. Hata wazee wa kanisa tunachagua hivyo, mtu amevaa suti tunasema huyu anafaa, hatugongi. Lakini hayo yatanipeleka mbali na yatanigombanisha na kanisa, wacha nirudi.

Mimi nina pikapu. Ni ya zamani, rangi yake ilikuwa ya bluu, sasa ni ya aina nyingi. Asubuhi inabeba majani chai ya kina mama wa ukingo wetu kwenda kituo cha kupimia, siku ya soko inabeba mikungu ya ndizi, na siku ya Sabato inabeba wanawake wazee wa kwetu kwenda kanisani ng'ambo ya mto. Wanakaa nyuma kwenye benchi ambayo niliipigilia mwenyewe, na vitambaa vyao vyeupe, na mabakuli ya chakula cha mchana yamefunikwa. Hawalipi na sijawahi kuwaambia walipe. Sasa, kati ya nyumbani kwao na kanisa kuna mteremko. Anayeujua huo mteremko hanihitaji nieleze, na asiyeujua afikirie paa la nyumba, halafu chini ya paa kuna mto, na juu ya mto kuna daraja lililotengenezwa na mtu aliyekuwa na haraka. Hapo ndipo breki inaitwa breki. Mahali pengine ni mapambo.

Breki zilianza kulia. Nikikanyaga zinasema chwiii, mbuzi wa jirani wanakimbia. Nikaenda kwa fundi wangu pale Nyamira, akatoa gurudumu la mbele, akatoa pedi, akanionyesha. Zile pedi, kwa mtu ambaye hajui, ni vibao viwili vya chuma vilivyogandishwa nyama nyeusi ngumu, vinaibana ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Nyama ndiyo inayosimamisha gari. Za kwangu nyama ilikuwa imekwisha.

"Mzee," fundi akasema, "ulikuwa unasimamisha gari kwa maombi."

"Nimebeba watu wa maombi," nikamwambia.

"Basi shukuru walikuwa hawajasinzia. Chukua hizi kuukuu uende nazo dukani, mpya ilingane na hizi. Na uangalie unanunua wapi. Siku hizi kuna za kupakwa rangi tu."

Hapo ndipo nilipaswa kuvuka barabara, maana ng'ambo ya gereji kuna duka la spea la mama mmoja ambaye fundi humtumia. Sikuvuka, na sababu ni binti yangu.

Binti yangu ameolewa Kisii. Baba ya mume wake ana duka la spea, kubwa, lina vioo, lina mwanamke wa kukaa kwenye kompyuta. Huyo baba na mimi tunaitana korera, ndiyo kusema watoto wetu wameoana. Na kwetu Wagusii kati ya watu kama hao kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima, lakini heshima iliyochanganywa na haya mpaka huwezi kuitenganisha. Korera hamtaniani hovyo. Hamgombani. Hulii mbele yake, huvui shati mbele yake, huulizi bei ya kitu chake mara mbili. Akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili na unakwenda nacho kama kilivyo. Ukikifungua na kukikagua mbele yake, umesema mbele ya watu kwamba binti yako ameolewa na mtoto wa mwizi.

Nilipomwambia mke wangu nataka kununua pedi Nyamira, aliacha kumenya ndizi.

"Korera wako anauza spea, na wewe unakwenda kununua kwa watu?"

"Kisii ni mbali."

"Kisii haijahama. Watu watamwambia. Watasema gari lako linapita mbele ya duka lake likiwa na breki za watu wengine. Na mtoto wetu anakaa katika nyumba hiyo."

"Nani ataona breki? Zimo ndani ya gurudumu."

"Fundi ana mdomo," akasema, na akaendelea kumenya.

Nikaenda Kisii. Nilifika na pedi zangu kuukuu zimefungwa kwa gazeti. Korera akatoka nyuma ya kaunta na mikono miwili, akanisalimia vizuri, akauliza habari ya mama, ya ng'ombe, ya mvua, akaita soda, akaleta kiti chake mwenyewe nikakaa ndani kama mgeni. Wateja wengine walisimama kwenye kaunta wakiinua vitu na kuvigeuza. Mimi sikuweza kusimama hapo. Nilikuwa nimekalishwa. Zile pedi kuukuu sikuzitoa hata kwenye gazeti, yeye alichungulia tu, akasema, "Ah, hizo najua," akamwita yule mwanamke, akamwambia, "Leta zile za mkwe." Nikaletewa boksi zuri, jekundu, lina maandishi ya dhahabu. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamaliza soda, kwa sababu soda ya mkwe huiachi.

Ndani ya gari, kwenye stendi, nilitamani kulifungua nigonge. Nikaona haya hata nikiwa peke yangu. Angalia chinsoni ilivyo, inakufuata mpaka ndani ya gari lako mwenyewe na milango imefungwa.

Fundi alipozitoa kwenye boksi aliziangalia upande mmoja, akaziangalia upande mwingine.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa korera wangu."

Akanyamaza. Na yeye ni Mgusii. Angekuwa mtu wa kutoka kwingine angesema neno, na mkono wa mtu ungekuwa mzima leo. Akazifunga.

Zilishika vizuri wiki ya kwanza. Sabato iliyofuata nilipakia kina mama wangu, tukaanza kushuka ule mteremko, wakiimba, nikakanyaga breki kule juu, mteremko ulipoanza, zikashika. Nikakanyaga katikati, nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Nikakanyaga tena nikasikia tap, kitu kimeanguka ndani ya gurudumu, halafu kelele ya chuma kwa chuma, gari likavutwa kulia, na mguu wangu ukashuka mpaka sakafuni. Nyuma bado wanaimba. Nikarudisha gia ya pili, ikalia, nikarudisha ya kwanza, gari likaruka kama limepigwa teke, na kabla ya daraja nikaligeuza kwenye ukuta wa udongo ambapo jirani amepanda nepia, yale majani ya ng'ombe. Likaingia mpaka milangoni. Wimbo ukakatika.

Hakufa mtu. Nasema hivyo haraka kwa sababu watu wakisikia hadithi hii huanza kuuliza wamekufa wangapi, na wakisikia hakuna, wanaona kama si kitu. Ni kitu. Mjane mmoja, jirani yangu, alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alirushwa juu ya ubao wa nyuma, akaangukia mkono, ukavunjika hapa kwenye kifundo. Ni mkono wa kulia. Yeye anaishi kwa chai, ana mistari yake michache ya michai nyuma ya nyumba, anachuma mwenyewe. Chai haichumwi kwa mkono mmoja. Nilimwona ameketi kwenye nyasi ameushika mkono kama mtoto mchanga, mboga zake zimemwagika kwenye kitambaa cheupe.

"Omogaka," akaniambia, ndiyo kusema mzee, "si wewe unayegonga hata nanasi? Leo hukugonga?"

Wengine walicheka kidogo, kile kicheko cha watu ambao wamepona. Mimi sikuweza.

Fundi alipofungua gurudumu siku iliyofuata, nyama ya pedi moja ilikuwa imebanduka yote kwenye kibao chake, imetoka kama ganda la mkate. Ilikuwa imebandikwa tu. Sijui kwa gundi gani, ya viatu labda. Nikaiokota. Nikaikwaruza na ukucha, ikaacha unga kwenye kidole kama chaki.

Basi nikavuka barabara. Yule mama wa duka la spea alitandika gunia kwenye kaunta, akachukua pedi kuukuu, akazilaza juu ya mpya moja moja. Matundu yalingane, masikio ya pembeni yalingane. Akaniambia niangalie ule mstari ambapo nyama inakutana na chuma, usione mwanga wala nywele. Akanipa msumari nikwaruze. Nikamuuliza, kwa haya, kama naweza kugonga. Akasema, "Gonga, mzee, si unaenda kukanyaga wewe?" Nikashika mbili, nikazigonganisha karibu na sikio. Za kwanza zilisema kwap. Hata hakubisha, alizirudisha akaleta boksi lingine. Hizo zikalia. Haikuwa ngaaa ya chungu, chuma kina sauti yake, lakini ilikuwa sauti moja, ya kitu kimoja. Ndizo ziko kwenye gari mpaka sasa, na kina mama wanaimba mpaka darajani.

Ningeishia hapo. Mke wangu alitaka niishie hapo. Alisema, "Umepata breki, mjane tunamchumia chai, mkono utapona, wacha." Na kweli tulikuwa tunamchumia, kina mama wa kanisa walipeana zamu, na yeye alikaa mlangoni akiwaambia wanachuma majani makubwa mno. Lakini mimi kila nikipita nikiona ule mkono mweupe wa plasta umelala juu ya goti, nilikuwa naona lile boksi jekundu. Na nikafikiri, lile boksi lilikuwa na ndugu zake kwenye rafu. Nani anawachukua? Sikutaka korera anirudishie kitu. Nilitaka aziangalie, aseme ni mbaya, aziondoe kwenye rafu. Basi. Neno moja tu.

Nikaenda na ile pedi iliyobanduka, chuma mkono mmoja na nyama mkono mwingine, ndani ya gazeti.

Alinipokea vilevile. Mikono miwili, habari ya mama, habari ya ng'ombe, kiti, soda. Alikuwa amesikia habari ya ajali, na akatoa pole ndefu yenye Mungu ndani yake. Nikafungua gazeti juu ya kaunta. Hapo tayari nilikuwa nimevunja kitu, nilimwona yule mwanamke wa kompyuta akiinamisha macho.

"Korera," nikasema, "hizi ndizo ulizonipa."

Akaziangalia bila kuzishika. "Nani alizifunga?"

"Fundi wangu wa Nyamira."

"Hao wa barabarani. Hao hufunga na nyundo." Akatabasamu. "Na wewe, korera, si unajua sisi wazee, tunakanyaga breki kutoka juu mpaka chini. Zinapata moto."

"Za zamani nilizikanyaga hivyo mpaka zikaisha. Hazikubanduka."

"Nitakupa nyingine."

"Sitaki nyingine. Nataka uzitoe hapo." Nikaonyesha rafu. Zilikuwa nyingi, nyekundu, zimepangwa vizuri.

Akafungua soda, akanisogezea. Wakati huo kulikuwa na dereva mmoja kwenye kaunta, mtu wa makamo, tope kwenye viatu, na mbele yake kuna boksi kama lile. Nilikuwa nimeona gari lake nje. Pikapu kama yangu, rangi tu tofauti, na nyuma amepigilia benchi.

Nikainuka kutoka kwenye kile kiti. Nikaenda kwenye rafu, nikachukua boksi, nikalifungua kwa meno kwa sababu ile nailoni haifunguki, nikatoa pedi mbili, nikazigonganisha katikati ya duka. Kwap. Nikagonga tena. Kwap. Watu waligeuka. Yule mwanamke aliacha kompyuta yake.

"Korera," akasema pole pole, "unanigongea vitu ndani ya duka langu? Mbele ya watu?"

"Gari lako mwenyewe hilo la nje, hizi ziko ndani yake?" nikamuuliza.

Akacheka. Sijui kama alifikiri, nadhani hakufikiri, ndiyo maana alisema kweli. "Lile ni la kubeba wajukuu wetu, korera. Kwa hilo naagiza zingine."

Wajukuu wetu. Hapo alidhani amenituliza. Ni kweli ni wajukuu wangu pia, na nashukuru gari lao linasimama. Lakini mjane wangu ni mjukuu wa nani? Na hawa wa kwenye benchi?

Nikamgeukia yule dereva. Nikamwambia, "Ndugu yangu, usizinunue hizo. Zigonge usikie."

Dereva akaniangalia, akamwangalia mwenye duka. Korera akamwekea mkono begani, akicheka bado. "Huyu ni mzee wetu, tumeoana. Ana hasira kidogo, ni mambo ya nyumbani."

"Zigonge tu," nikasema.

Akazitoa. Namkumbuka vizuri. Alizitoa mbili, akazishika moja kila mkono, akaziinua mpaka karibu na sikio lake. Mikono ilikuwa tayari. Halafu macho yake yakakutana na ya mwenye duka, yule mtu mkubwa wa suti amesimama karibu naye akitabasamu, na nikaona ile haya ikimpanda shingoni, ileile, ninaijua. Akazirudisha kwenye boksi taratibu.

"Nyinyi watu wa ukoo mmalizane," akasema, na akatoa pesa.

Mimi nikachukua kofia yangu. Soda ilikuwa kwenye kaunta, imejaa, povu bado linapanda. Korera akaiona naiangalia.

"Korera, soda," akasema. Hakuwa anacheka tena. "Usiache soda."

Nikatoka, nikapita kati ya watu, nikapita ile pikapu yenye benchi, nikavuka barabara. Sijarudi.